Wa Mwisho Kuandikwa, wa Kwanza Kufutwa

Nimempiga mtoto wangu kofi. Naliweka hapa juu kabisa, kabla hujaanza kunihurumia. Asifiwe ana miaka minane. Kofi lilimpata shavuni, mbele ya watu, katika nyumba ya babu yake ambaye tulikuwa tumemzika siku tatu tu kabla. Tulikuwa tunatoa vitu nje. Kosa la mtoto ni kwamba alishika kitambaa chenye maji na alikuwa anafuta tablo, ule ubao mweusi wa Papa.

"Juu ya nini unanipiga?" aliniuliza, bado hajaanza kulia. "Tonton Deo njo alinituma."

Kweli alitumwa. Tonton Deo ni mdogo wake Papa, fundi wa kila kitu ambaye hajawahi kumaliza kitu. Alikuwa ameshusha ile tablo kutoka ukutani, akaigeuza, akaipima kwa mkono wake, akaona mlango wa choo chake. "Mbao nguvu hii, haiozi," alisema. "Muioshe ile nyeusi, nitakata hapa na hapa." Nilitoka nje, nikachukua simu, nikampigia mdogo wangu Mugisho, aliye kwenye mashamba ya mpunga kule Luberizi.

"Uko muzima?" nilimwuliza.

"Niko mu maji mpaka magoti. Kuna nini?"

"Hakuna. Ulikula?"

"Nsimire, we iko mugonjwa?"

Nikakata. Mwanamke mzima, mwenye diploma ya sekondari na watoto wawili, nilikuwa napiga simu kuhakikisha ndugu yangu yuko hai, kwa sababu mtoto amefuta jina lake kwenye ubao.

Ilikuwa harufu, ndiyo iliyonifanya nigeuke kabla hata sijaona kitambaa. Ninyi wa umri wangu mliosoma huku kwetu mnaijua. Jumamosi tulikuwa tunabeba makala, yaani makaa ya jikoni, na pile za radio, betri zilizokufa, tunazipasua kwa jiwe, tunatoa ule unga mweusi wa ndani, tunausaga pamoja na makala, tunachanganya na utomvu wa mgomba, na kwa hiyo tunapaka tablo upya. Vidole vinabaki vyeusi mpaka Jumatano. Maji yakiigusa rangi ile inatoa harufu ya chuma na moshi, kama sufuria iliyoungua imelowekwa. Ikinipata puani nina miaka tisa, na Papa ananiambia, "Mashini yangu, uko tayari?"

Papa alikuwa mwalimu wa informatique, somo la kompyuta. Shule yake ilikuwa juu tu ya nyumba yetu, Nyalukemba hapa Bukavu, upande ambako nyumba zinashikilia mteremko kwa kucha. Ukisema mwalimu wa informatique, watu wanaona chumba cha mashini, feni, waya. Kule hapakuwa na mashini hata moja. Kulikuwa na skrini moja iliyokufa, na prefe, mkuu wa shule, alikuwa ameiweka ofisini na maua ya plastiki juu yake. Papa alifundisha kwa chaki. Wanafunzi wake waliandika programu kwenye kaye, daftari la kawaida, kwa kalamu ya bleu, na mstari mwekundu chini ya kila kichwa, na walikwenda kwenye mtihani wa taifa bila kuwahi kugusa kitufe. Msicheke. Mtoto wa jirani yangu anafundishwa hivyo hivyo leo hii, na mama yake ananunua kaye kila muhula bila kuuliza. Nasema tu.

Alikuwa amejifunza mwenyewe, kutoka kitabu kisicho na jalada alichokipata kwa frère, mtawa mmoja mzee aliyekuwa anarudi kwao Ulaya. Kitabu chote kilikuwa juu ya luga moja ya mashini, ile inayoandikwa C na alama mbili za kujumlisha nyuma yake. Papa aliipenda luga hiyo kama wengine wanavyopenda timu ya mpira. Jioni, wakati Maman anasonga fufu, alikuwa anatusimulia mwanzo wake kama hadithi ya ukoo.

"Kulikuwa mutu moya," alikuwa anasema, "wa inchi ya baridi. Alivuka maji, akaenda kutumika mu nyumba kubwa ya batu ba telefone. Kule alikuta luga moya ya bazee. Inakimbia sana. Lakini iko kama wembe hauna pa kushika. Bote banaitumia, bote banajikata."

"Akaitupa?" Mugisho anauliza. Anajua jibu. Alikuwa na miaka sita na alipenda sehemu hii.

"Hapana! Angeitupa, batu bangemufukuza. Kwabo kule alikuwa alisoma luga ingine, ya polepole, lakini ile ilikuwa inajua kuita bitu kwa jina yabo na kubiweka mu jamaa. Basi yeye akachukua akili ya ile ya polepole, akaipandikiza juu ya ile ya wembe. Hakuvunja nyumba ya bazee. Aliongeza chumba tu. Kisha akaongeza ingine. Njo maana ya zile alama mbili: ongeza."

Na hapo anainua kidole. Luga hiyo, anasema, haikulazimishi njia moja. Unataka kuamuru hatua kwa hatua kama askari? Sawa. Unataka kupanga vitu kwa jamaa, kila kimoja na tabia yake? Sawa. Unataka kuandika kipimo kimoja kiwafae wote, kama fundi cherehani mwenye karatasi moja kwa magauni kumi? Sawa pia. "Ni kama Swahili yetu ya Bukavu. Tulikuta, tukachukua Français, tukachukua Mashi, tukachukua Lingala ya banamuziki na ya basoda ba mu kambi, na inatembea. Wa ku pwani anacheka, lakini inatembea." Na luga zote zilizokuja nyuma, anasema, hata zile zinazojidai ni mpya, zimepita kwanza nyumbani kwake kuomba chumvi.

Mimi nilimwuliza swali moja tu. "Na mu ile mashini ya ule mutu, nani alikuwa anafuta?"

Alicheka mpaka akakohoa. "Mashini yenyewe, mwana wani."

Sikuona cha kuchekesha. Kwa sababu mashini ilikuwa mimi.

Nieleze. Papa hakuwa na kitu cha kujaribishia programu zake, kwa hiyo alitutumia sisi. Nyumbani alipigilia mbao tano pamoja, akapaka rangi ile nyeusi, akaitundika sebuleni. Akaandika programu yake ya mfano, iliyoitwa Nyumba. Ilianza na mabano yenye pua, yale anayoyaita akolade. Ukiyatazama vizuri ni kama uso wa mtu wa upande. Ndani ya akolade, mstari kwa mstari, aliandika majina yetu kwa kufuata kuzaliwa: Nsimire, Mugisho, Ashuza. Mwisho, akolade ya kufunga, uso ukitazama upande mwingine.

Maman alikuwa kumbukumbu ya mashini. Alisimama na meza ya gobele, vikombe vya plastiki, mbele yake, na kila jina likitajwa anatenga gobele moja na kutia maharagwe kadiri ya umri wa mtu. Mugisho alikuwa skrini. Kazi yake kupiga kelele jibu. Ashuza, ambaye alikuwa hajamaliza hata mwaka, alikuwa mgongoni mwa Maman na hakuwa na kazi, alikuwa jina tu. Na mimi nilikuwa mkono. Nilishika fimbo nikafuata mistari, nikasoma, nikaamuru. Na nikifika akolade ya kufunga ndipo nilipata raha yangu, kwa sababu hapo, na hapo tu, niliruhusiwa kushika kitambaa.

Sheria hii hata leo naweza kuisema nikiwa usingizini. "Kila kitu kilizaliwa ndani ya akolade, kinakufa na akolade," Papa alikuwa anasema, akigonga ubao. "Na kinakufa kwa kurudi nyuma. Wa mwisho kuandikwa, wa kwanza kufutwa. Mugisho, sema!"

"Wa mwisho kuandikwa, wa kwanza kufutwa!"

"Na kile umeandika inje, juu ya akolade zote?"

"Kinaishi mpaka programu yote inakufa!"

"Bon. Mashini, futa."

Na mimi nafuta. Ashuza kwanza. Maman anamwaga gobele yake. Mugisho wa pili. Mimi wa mwisho. Kisha Papa anaandika tena majina yote na tunaanza upya, na fufu inapoa, na Maman anasema, "Prof, kumbukumbu iko na njaa," na sote tunacheka. Nakubali. Tulicheka. Kulikuwa na jioni ambazo nilikuwa mtoto mwenye furaha kuliko wote wa mteremko ule.

Lakini mtoto wa miaka tisa haelewi mfano. Papa alisema "mashini", mimi nilisikia watu. Nilijua kwa hakika kwamba ndani ya kila mashini ya Ulaya kuna binti mwenye fimbo na mama mwenye gobele, na kwamba alilotamka na kulifuta yule binti linatokea kweli, mahali fulani, kwenye benki, kwenye ndege. Kama sivyo, mashini ni ya nini?

Mwaka ule kulikuwa na neno kwamba idara haitaki tena sekondari kufundisha informatique bila mashini. Inspekta atapita. Asiporidhika, section, ule mchepuo wa Papa, inafungwa na Papa anabaki na chaki mkononi. Papa aliacha kula vizuri. Alitengeneza mpango: atamwonyesha inspekta mashini ya watu, kwa wanafunzi wake wa mwaka wa sita, kumi na wawili, waliozoezwa kama kwaya.

Asubuhi ya siku yenyewe mvua ilinyesha ile ya Bukavu, ya kusukuma udongo. Na Ashuza aliamka na moto. Hakuwa analia vizuri. Alikuwa anatoa sauti fupi fupi, na mbavu zinaingia ndani kila anapovuta pumzi. Maman alimweka kifuani, akamtazama Papa aliyekuwa anafunga krawati mbele ya kioo kilichopasuka.

"Mutoto anawaka. Tumupeleke ku santre ya afya."

"Tutaenda."

"Sasa."

"Maman Nsimire, sikiliza. Inspekta anafika saa mbili. Saa ine tumemaliza. Saa ine na nusu niko na we ku santre, mi mwenyewe nitamubeba. Mupangushe na maji."

"Angalia vile anapumua."

"Nimeona."

Sitasahau hilo neno. Nimeona.

Akapanda shuleni. Maman alimpangusa Ashuza kwa kitambaa cha maji, akamfunga mgongoni, akavaa viatu. Nadhani alikuwa ameamua kwenda peke yake. Lakini mlangoni alikutana na msichana wa mwaka wa sita, sketi ya bleu imelowa mpaka kiunoni, anahema.

"Maman, Prof anasema mukuye bote. Banafunzi bamefika bane tu, barabara imejaa matope. Mashini iko pungufu. Na inspekta ameisha kufika."

Maman alitazama chini, upande wa kituo cha afya, kisha juu, upande wa shule. Nilikuwa nimemshika kitenge. Nilitaka twende juu. Niliomba twende juu. "Maman, tutafanya mbio tu," nilisema. Basi tukapanda.

Inspekta alikuwa mtu mrefu aliyefunga mifuko ya plastiki juu ya viatu vyake sababu ya matope. Alikaa kwenye dawati la mbele, magoti yakigusa kidevu, akatutazama tunavyoingia: mwanamke na gobele, mtoto na fimbo, mtoto mwingine na kamasi.

"Mashini iko wapi, Prof?"

"Njo hii, Monsieur l'Inspecteur."

Akatazama tena. "Hii inakula fufu?"

"Ikipatikana," Papa alijibu, na watu wakacheka, na nikaona mabega yake yanashuka kidogo. Alikuwa ameanza vizuri.

Akaandika Nyumba kwenye tablo ya darasa, na majina yetu, kwa sababu sisi ndiyo tulioijua. Nilishika fimbo. Maman akatenga gobele. Mugisho akapiga kelele miaka yetu. Wale wanafunzi wanne waliongeza hesabu zao. Nilikuwa mzuri, niamini. Sikukosa mstari hata mmoja. Nyuma ya yote hayo Ashuza alikuwa analia kilio kile kifupi, kikavu, bila kusimama, na Maman anajitikisa kumtuliza huku anahesabu maharagwe.

"Na ile ya ku mugongo, ni nini?" inspekta aliuliza.

"Objet, kitu ya tatu, Monsieur."

"Objet yenu iko na makelele."

Walicheka tena. Maman alicheka kwa midomo.

Nikafika akolade ya kufunga. Papa akasema, "Mashini, futa." Nikachukua kitambaa. Kilikuwa na maji, na harufu ile ikapanda. Nikaweka kitambaa juu ya jina la Ashuza, nikavuta mara moja kutoka kushoto kwenda kulia, kama nilivyofundishwa. Na Ashuza akanyamaza.

Pale pale. Alama ya mwisho ya jina lake ilipotoka kwenye ubao, kilio kilikatika. Darasa zima lilisikia kimya hicho na wakafurahi. Inspekta akapiga meza kwa kiganja. "Ah! Kumbe inafanya kazi kweli!" Nao wakapiga makofi. Walinipigia mimi makofi.

Maman ndiye aliyejua. Aliachia gobele, maharagwe yakaenda kila upande, akamgeuza mtoto mbele, na shingo ikaenda upande kama ya kitu kilichofunguliwa kamba. Macho yalikuwa nusu wazi. Alikuwa bado anapumua, kidogo. Maman alitoka mbio kwenye mvua, na Papa nyuma yake, na mimi nyuma yao na kitambaa mkononi. Kwenye mteremko Maman aliteleza, akainuka na magoti mekundu, na ndipo nikamsikia: "Nilikuambia asubui. Nilikuambia asubui." Kituoni muuguzi alimfungua Ashuza, akaweka sikio kifuani, akainua kichwa na kuuliza, "Mulikuwa wapi tangu asubui?" Papa alitazama mikono yake. Ilikuwa na chaki.

Ashuza alikufa siku ile ile, mvua ikiwa bado haijakatika.

Sasa nitakuambia nilichoelewa mimi, na usinionee huruma, kasirika tu pamoja nami. Nilielewa kwamba nimemfuta. Nilielewa pia kinachofuata, kwa sababu sheria nilikuwa naijua vizuri kuliko rozari. Wa mwisho kuandikwa, wa kwanza kufutwa. Ashuza ametoka. Anayefuata ni Mugisho. Kisha mimi.

Watu walijaa nyumbani, wakaimba, wakala, wakaondoka. Hakuna aliyenitazama. Mimi nilikuwa namlinda Mugisho. Akienda chooni nasimama mlangoni. Akilala naweka mkono kwenye mbavu zake. Kile kitambaa nilikitupa kwenye shimo la choo. Na kwenye tablo ya sebuleni, ambako Nyumba ilikuwa bado imeandikwa na majina yote matatu, nilifanya jambo moja tu nililoweza: nililoanisha kidole kwa mate nikafuta akolade ya kufunga. Nilifikiri hivi: isipofungwa, haiishi. Isipoisha, hakuna wa kufutwa.

Papa aliona. Mwalimu hawezi kukosa kuona. "Nani alifuta akolade?" aliuliza, kwa sauti isiyokuwa yake. "Bila hii, mashini inakataa yote." Akaandika tena. Kesho yake nikafuta. Akaandika. Nikafuta. Ilikwenda hivyo wiki nzima, yeye na chaki, mimi na mate, na hakuna aliyesema neno. Siku moja nilirudi kutoka shuleni nikamkuta amesimama mbele ya tablo na msumari. Alikuwa amefuta jina la Ashuza kwenye mstari wake wa tatu, na alikuwa anamalizia kulichonga juu kabisa, kwa herufi kubwa, ndani ya mbao. Akolade hakuirudisha. Alinitazama. Nilitazama msumari. Kisha akaitoa tablo kwenye misumari yake, akaigeuza uso ukutani, akaitundika tena, na haikugeuzwa mpaka juzi.

Nilijua maana yake. Kule shuleni kiongozi wa darasa alikuwa anaandika majina juu ya tablo, wale waliopiga kelele, ili mwalimu akija awapige. Nilijua Papa ameandika kosa langu juu, tena kwa msumari, ili safari hii nisiweze kulifuta. Na ameligeuza ukutani kwa sababu hawezi kunitazama.

Inspekta aliandika ripoti nzuri. Section ilibaki. Papa alifundisha miaka mingi baada ya hapo, na kwenye kilio chake walijaa watu wazima wenye viatu vizuri, mmoja anatengeneza programu za simu Kampala, mwingine yuko benki, wakisimama mmoja mmoja kusema, "Prof njo alituzala." Nilikuwa nawasikiliza na meno yamebanana. Mimi sikuingia section yake. Nilichagua pédagogie, ualimu. Aliniuliza mara moja kwa nini, nikasema sipendi hesabu, akasema bon. Bon! Mtu aliyeweza kueleza watoto hamsini kitu wasichokiona, kwa chaki tu, hakuweza kumwuliza binti yake kwa nini anafuta akolade.

Basi juzi, nilipokata simu ya Mugisho, nilirudi ndani. Asifiwe alikuwa amekwenda kwa bibi yake uani, ameweka shavu kwenye mapaja yake. Maman alikuwa anachambua maharagwe. Nilisimama mbele yao na nikasema jambo ambalo sikuwahi kusema kwa sauti.

"Maman, mi njo nilimufuta Ashuza."

Mikono yake ilisimama. "Kumufuta namna gani?"

"Ku tablo. Nilifuta jina, akanyamaza. Ulikuwa pale."

Alinitazama muda mrefu, kama mtu anayejaribu kukumbuka sura. "Unazania vile tangu ile siku?"

"Ee."

"Myaka yote ile? Na haukusema?"

"Na nyinyi hamukuuliza."

Maharagwe yalikuwa yanamtoka mkononi moja moja. "Mapafu njo ilimuua," alisema. "Mapafu, na mi kupanda kule juu, na baba yako. Ata siku moya hatukusema ni we. Ata mu roho." Kisha akasema, polepole, "Yeye alikuwa anazania unamukasirikia. Alisema, Nsimire anajua ni mi niliua mutoto, njo maana anaharibu programu yangu. Alikuwa anakuogopa."

Anakuogopa. Mtoto wa miaka tisa.

Niliingia sebuleni peke yangu. Tablo ilikuwa imeegemea ukuta, maji yanashuka. Asifiwe alikuwa ameanzia chini. Mugisho hakuwepo tena, na jina langu lilikuwa limebaki nusu. Lakini maji ya chaki yalikuwa yamejaa ndani ya michongo ya juu na kukauka, na herufi zilikuwa nyeupe kuliko siku nyingine yoyote. ASHUZA. Na chini yake, akolade ya kufungua. Chini yake, siyo ndani. Nilisoma kama mashini, kutoka juu, mstari wa kwanza. Kilichoandikwa nje, juu ya akolade zote, kinaishi mpaka programu yote inakufa. Nilikuwa nimemsikia Mugisho akilisema hilo jioni mia. Na kule mwisho, mahali pa akolade ya kufunga, hapakuwa na kitu. Mtu ambaye hakuvumilia nukta ikose kwenye kaye ya mwanafunzi aliacha programu yake wazi mpaka amekufa.

Mnataka nilie na nimsamehe. Nililia, ndiyo. Lakini hasira yangu haijapungua hata kijiko kimoja, afadhali ya zamani ilikuwa na mahali pa kwenda. Alikuwa na Swahili. Alikuwa na Mashi ya mama yake wa Mudaka. Alikuwa na Français ya kutosha kumchekesha inspekta. Na akachagua kumwambia mtoto wake kwa luga ya mashini ambazo hakuwahi kuwa nazo hata moja, kwa msumari, halafu akageuza ukutani.

Nilimwita Asifiwe. Alikuja akisimama mbali kidogo, alama za vidole vyangu bado shavuni.

"Haukukosa," nilimwambia. "Mi njo nimekosa. Kaa hapa."

Alikaa. Nilishika kidole chake nikakiingiza kwenye herufi ya kwanza, nikakipitisha zote mpaka ya mwisho. Kisha nikamweleza kwa kinywa. Nilianza na mvua, na krawati mbele ya kioo, na sikuruka kitu, hata makofi. Haikuchukua hata muda wa kuivisha maharagwe. Yeye hakulia. Aliuliza kama Ashuza alikuwa na meno. Mawili, nilisema, ya chini. Kisha akainuka akaokota kipande cha chaki kwenye kona.

"Niandike tena Tonton Mugisho?"

"Andika."

Aliandika. Akatengeneza na jina langu, kwa mwandiko wake wa kuanguka upande. Akarudi nyuma kutazama. "Na hapa mwisho, hakuna ya kufunga?"

Tonton Deo alikuwa mlangoni na msumeno. "Basi? Imekauka?"

"Acha wazi," nilimwambia mtoto. Na kwa Tonton nikasema atafute mlango kwingine.